Kwa Maafisa wa Jeshi, Idhini ya Kushtaki Ni ya Nani?

Mnamo Septemba 16, 2025, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa hati ya kukamatwa kwa mtu aliyekuwa askari wa jeshi la Uingereza, ili aletwe nchini kujibu shtaka la mauaji. Aliyeuawa alikuwa mama kijana wa Nanyuki; ilikuwa mwaka 2012, na maiti yake ilipatikana baadaye katika tangi la maji taka la hoteli. Mtuhumiwa huyo hajatiwa hatiani na mahakama yoyote, wala si kazi yangu kumhukumu hapa. Nalitaja jambo hilo kwa sababu ya swali nililoulizwa nyumbani Kiminini siku chache baada ya habari hizo kuchapishwa, swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo na ambalo tangu siku hiyo halijaniacha.

Nilikuwa nimeketi kwenye benchi nje ya kinu cha kusagia mahindi, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Webuye, na gazeti lilikuwa likipita mkono hadi mkono. Wazee walifurahi. Mmoja alisema kwamba safari hii Mzungu atakiona kilichomtoa kanga manyoya. Mama mmoja aliyekuwa akingojea zamu yake, debe la mahindi miguuni, aliwasikiliza mpaka wakanyamaza, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu," akasema, "huyo wa Ulaya hati yake imetoka. Na wale wetu je? Mimi kila ofisi niliyoingia niliambiwa kwamba mambo ya jeshi yanataka idhini kutoka juu. Hiyo idhini hutolewa na nani?"

Hapakuwa na mtu pale benchini asiyejua alilokuwa akilisema. Mama huyo aliteremka kutoka upande wa Cheptais mwaka 2008 akiwa na watoto wanne na godoro moja. Mume wake alichukuliwa alfajiri na watu waliovaa sare, akapakiwa katika lori pamoja na majirani zake. Baadhi ya majirani walirudi. Yeye hakurudi.

Msomaji aliyekuwa mdogo mwaka huo yafaa akumbushwe kisa kizima, maana kukisimulia nusu ni kuwadhulumu watu wa upande mmoja au wa mwingine. Tangu mwanzo wa miaka ya 1970 serikali ilikuwa ikiwagawia watu mashamba ya makazi ya Chebyuk, na kila awamu ya ugawaji ilizua manung'uniko mapya: nani alistahili, nani aliongezwa orodhani kwa hila, nani aliondolewa. Katika ugomvi wa awamu ya tatu ndipo lilipozuka kundi la Sabaot Land Defence Force, maarufu kwa SLDF, likiongozwa na Wycliffe Matakwei. Kundi hilo lilidai kutetea ardhi. Lililotenda ni kuua, kubaka, kukata watu masikio na kuwatoza wakulima kodi ya kuishi juu ya ardhi yao wenyewe. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba waliouawa na SLDF walizidi 600. Makumi ya maelfu walihama, na wengi wao walikimbilia huku kwetu Trans Nzoia, wakalala katika makanisa na katika mabanda ya jamaa zao.

Basi mwezi Machi mwaka 2008 serikali ilipolipeleka jeshi mlimani kwa jina la Operesheni Okoa Maisha, watu walishukuru. Nami nilishukuru, sioni haya kulisema. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nimekuja nyumbani, na nilipozisikia helikopta zikielekea Masaba, kama tuuitavyo mlima ule, niliona kwamba hatimaye serikali imekumbuka kuwa huko nako ni Kenya. Mwezi Mei Matakwei aliuawa. Mlima ukatulia. Hilo ni kweli, na atakayeandika habari za operesheni hiyo bila kulitaja atakuwa ameficha nusu ya haki.

Nusu ya pili ilitolewa mwaka huo huo katika ripoti ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, na tena katika ripoti ya Human Rights Watch ya mwezi Julai. Ripoti hizo zilieleza jinsi wanaume na vijana kwa maelfu walivyokusanywa na kupelekwa katika kambi ya jeshi ya Kapkota, wakapigwa na kuteswa, wakapitishwa mbele ya wasiri waliokuwa wakionyesha kwa ishara nani abaki na nani aende. Wapo waliokufa, na wapo waliochukuliwa wasionekane tena. Wizara ya Ulinzi ilikana. Mwaka 2011 Human Rights Watch ilirudi na hesabu ya watu zaidi ya 300 waliochukuliwa wasirudi, baadhi mikononi mwa SLDF na baadhi mikononi mwa wanajeshi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano nayo iliyaandika mambo ya Mlima Elgon katika ripoti yake ya mwaka 2013. Pamoja na karatasi zote hizo, hakuna ofisa hata mmoja wa jeshi aliyehukumiwa na mahakama ya raia kwa yale yaliyosemwa kutendeka Kapkota.

Sasa turudi kwenye swali la mama. Idhini hutolewa na nani?

Ziko nchi ambazo swali hilo lina jibu la wazi. India ina sheria ya mwaka 1958 inayoyapa majeshi mamlaka maalumu katika maeneo yenye machafuko, na nyingine kama hiyo iliyotungwa mwaka 1990 kwa ajili ya Kashmir. Sheria hizo zasema bila kuficha kwamba askari hatashtakiwa kwa jambo alilolifanya chini ya mamlaka hayo mpaka Serikali Kuu itoe idhini kwanza. Kutoka Kashmir maombi yalipelekwa mwaka baada ya mwaka, na takriban yote yalikataliwa. Ni sheria mbaya, lakini ina jambo moja: mlango unaonekana, na bawabu wake anajulikana. Mjane wa Kashmir anajua aliyemnyima. Anaweza kulitaja jina la wizara, akaitisha barua ya kukataliwa, akaipeleka mahakamani na kuipinga.

Kenya haina sheria ya namna hiyo. Nimeisoma Katiba ya mwaka 2010 kama msomaji wa lugha, si kama mwanasheria, na katika jambo hili haihitaji mwanasheria. Kifungu cha 157 kinampa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma uwezo wa kumfungulia mashtaka ya jinai mtu yeyote mbele ya mahakama yoyote isipokuwa mahakama ya kijeshi. Kinasema "mtu yeyote". Hakisemi "mtu yeyote asiye na sare". Sehemu ya 10 ya kifungu hicho hicho yaeleza kwamba Mkurugenzi hahitaji idhini ya mtu yeyote wala mamlaka yoyote ili kuanzisha mashtaka, na kwamba hayuko chini ya amri ya mtu. Mwenye kinga ya kutoshtakiwa kwa jinai kwa sababu ya cheo chake ametajwa mahali pake, katika Kifungu cha 143, naye ni Rais, na ni kwa muda ule tu anaposhika madaraka. Kanali hakutajwa. Meja hakutajwa.

Wala asitokee wa kusema kwamba mwaka 2008 mambo yalikuwa tofauti. Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 26, ilimpa Mwanasheria Mkuu uwezo ule ule, na maneno yale yale ya kutoamrishwa na mtu. Aliweza pia kumwagiza Kamishna wa Polisi achunguze, kama vile Mkurugenzi wa leo anavyoweza kumwagiza Inspekta Jenerali naye akatakiwa kutii. Kwa hiyo jibu la swali la mama, kisheria, ni fupi mno: hakuna. Idhini aliyoambiwa aingojee haikuwepo wakati ule, haipo sasa. Alikuwa akitumwa kungoja meli barani.

Ikiwa ni hivyo, kwa nini wale makarani waliomrudisha walisema waliyoyasema? Sidhani walikuwa wakimdanganya kwa makusudi. Nadhani walikuwa wakieleza desturi, na desturi hiyo ni kongwe kuliko wao. Mwezi Januari mwaka 1955, katikati ya vita vya Mau Mau, Gavana Evelyn Baring alitangaza msamaha wa pande mbili: wapiganaji wa msituni watakaojisalimisha hawatanyongwa, na askari wa serikali hawatashtakiwa kwa waliyoyatenda kabla ya hapo. Mwaka 1970, Bunge la Kenya huru likapitisha Sheria ya Kinga iliyofunga mlango wa mahakama kwa yale yaliyotendwa na maafisa wa usalama Kaskazini Mashariki na wilaya za jirani kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967, wakati wa vita vya mashifta. Haya mawili yaliandikwa. La Wagalla, ambako mwezi Februari mwaka 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa katika uwanja wa ndege na wengi wasitoke hai, halikuhitaji hata kuandikwa. Kufikia hapo, mazoea yalikwisha kuwa sheria. Kinga ilikuwa imehama kutoka katika vitabu ikaingia katika vichwa vya watu: kichwa cha mpelelezi anayejiuliza kesho atahamishiwa wapi, na kichwa cha karani anayesema "kutoka juu" bila kujua juu ni wapi.

Na wala si kwamba taifa hili halijui kuwahukumu wanajeshi. Linajua sana. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, mahakama za kijeshi zilikaa upesi, mamia ya askari wa Jeshi la Anga wakafungwa, na Hezekiah Ochuka, aliyekimbilia Tanzania, akarudishwa na hatimaye kunyongwa mwaka 1987. Mwaka 2013, baada ya shambulio la Westgate, picha za kamera za dukani zilipowaonyesha askari wakibeba mifuko, haikuchukua muda mrefu Jenerali Julius Karangi kutangaza kwamba wawili kati yao wamefukuzwa jeshini na kufungwa. Waliiba simu na kamera. Hata Mkoloni, ambaye hatumdai uadilifu, alimfikisha Kapteni Gerald Griffiths mbele ya mahakama ya kijeshi Nairobi mwaka 1953 kwa mauaji ya Mwafrika. Akaachiliwa, akashtakiwa tena kwa ukatili mwingine mwaka uliofuata, na safari hiyo akafungwa.

Aliyegusa kiti cha serikali alinyongwa, na aliyegusa simu akafungwa. Nimeyaweka mambo haya pamoja kwa sababu husemwa mara kwa mara kwamba jeshi lina njia zake za kurudiana na wakosaji ndani ya kambi. Huenda. Lakini njia za ndani hulinda kile ambacho jeshi linakithamini, yaani utii, nidhamu na jina lake. Mkulima wa Cheptais si askari, hakula kiapo cha jeshi, hakutii amri za jeshi. Kwa nini basi kifo chake kiamuliwe na kaumu ambayo yeye si mmoja wao, katika chumba asichoweza mjane wake kuingia?

Hapa naomba ruhusa ya kusema kidogo kuhusu kazi yangu, kwa sababu nadhani lugha nayo imeshiriki katika ufichaji huu.

Yatazame majina ya operesheni zetu: Okoa Maisha, Linda Nchi, Linda Boni, na tangu Februari 2023, huko Kaskazini mwa Bonde la Ufa, Maliza Uhalifu. Yote ni vitenzi vya amri. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hakikubali kusimama bila kiambishi cha nafsi: lazima useme ni nani, a-, wa-, tu-, ni-. Amri imesamehewa. Ukisema "okoa", hujasema ni nani anayeokoa, wala ni nani aliyeamuru. Kisha geukia upande wa pili, kwa yule aliyechukuliwa, usikilize kitenzi kinachotumiwa redioni na katika taarifa za serikali: "alitoweka". Kwa umbo lake, neno hili ni jamaa ya vunjika, haribika na mwagika. Kila mzazi anaijua sarufi hii, kwa kuwa ndiyo sarufi ya mtoto aliyesimama mbele ya vigae: "Mama, kikombe kimevunjika." Hasemi "nimekivunja". Kikombe kimejivunjia chenyewe. Na mama hupiga jicho, akauliza, "Kimevunjwa na nani?" Kwa kubadili irabu na konsonanti chache tu anamrudisha mtenda katika sentensi.

Basi sisi tuna operesheni isiyo na mtenda mwanzoni, na mtu aliyetoweka bila kutoweshwa na yeyote mwishoni. Katikati ya sentensi hizo mbili pana watu zaidi ya 300. Wanasheria siku hizi wamezoea kusema "kutoweshwa kwa lazima", nami nafurahi kulisikia neno hilo likikomaa, ingawa kitabu cha sheria zetu hakijalifanya kuwa kosa lenye jina lake. Kenya iliutia saini mkataba wa kimataifa unaopinga kutoweshwa kwa watu mnamo Februari 2007, mwaka mmoja tu kabla ya Okoa Maisha. Kutia saini ni jambo moja. Kuuridhia ni jingine, na hilo la pili halijafanyika.

Najua yatakayosemwa. Rafiki yangu mmoja, mwanajeshi mstaafu ninayemheshimu, aliniambia kwamba hakimu wa Kitale aliyekalia kiti cha mto hawezi kumhukumu ofisa aliyekuwa akiamua kati ya uhai na mauti kwa nukta mbili, porini, usiku, huku adui akiwa amevaa kama raia. Hoja hiyo ina uzito, na ningekuwa wakili wa ofisa yeyote ningeanza nayo. Lakini inahusu mapigano. Malalamiko makubwa ya Kapkota hayahusu mapigano. Yanahusu watu waliokwisha kukamatwa, wasio na silaha, waliokuwa chini ya ulinzi ndani ya kambi, mchana. Hapo hapana nukta mbili. Pana saa na siku. Polisi wa kijijini anayempiga mahabusu hadi kufa hushtakiwa mbele ya Mahakama Kuu, na hatuambiwi kwamba jaji hajui mazingira ya seli.

Aidha, rafiki yangu alisahau jambo moja ambalo lingemfaa zaidi. Katika operesheni ile walikuwepo maafisa ambao hawakumgusa mtu. Hapana shaka juu ya hilo. Hao nao wametiwa katika kapu moja na wenzao kwa miaka kumi na saba, kwa sababu hakuna mahakama iliyowahi kupepeta. Watu wa mlimani hawasemi "ofisa fulani". Wanasema "jeshi".

Kuna wanaodhani kwamba mambo haya yamekwisha kupitwa na wakati, na kosa lao linaeleweka, maana mahakama moja ilisema kitu kinachofanana na hicho. Shirika la madaktari na mawakili linaloshughulikia waathiriwa wa mateso lilipeleka kesi ya Mlima Elgon katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, mwaka 2010. Mwezi Juni 2011 majaji wa daraja la kwanza walikubali kuisikiliza. Serikali ya Kenya ikakata rufani, na Machi 15, 2012 Idara ya Rufani ikaamua kwamba kesi ilichelewa: Mkataba wa Jumuiya unadai ipelekwe katika muda wa miezi miwili. Miezi miwili! Katika miezi miwili ya kwanza mjane wa Cheptais alikuwa bado anazunguka katika magereza ya Bungoma na Kitale akidhani mumewe yu hai.

Lakini miezi hiyo ni ya Arusha. Katika sheria ya jinai ya Kenya mauaji hayana tarehe ya mwisho. Anayeweza kushtakiwa mwaka 2008 anaweza kushtakiwa mwaka 2025, ndiyo maana kesi ya Nanyuki ya mwaka 2012 ingali hai. Na ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka imeonyesha kwamba ikitaka yaweza kupanda ngazi kutoka kwa aliyeshika rungu hadi kwa aliyetoa amri: mwaka 2022 iliidhinisha mashtaka ya uhalifu dhidi ya ubinadamu dhidi ya maafisa wa polisi, makamanda wakiwemo, kwa matendo ya Kisumu wakati wa uchaguzi wa 2017, ambapo mtoto mchanga aliuawa. Njia hiyo ina visiki vingi. Lakini hao ni polisi, nao wana mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza. Mamlaka hiyo haina uwezo juu ya jeshi, na hapo ndipo penye pengo: orodha ya vikosi vilivyokuwa Kapkota, majina ya waliokuwa wakiviongoza, daftari la walioingizwa na waliotolewa, vyote vimo mikononi mwa wale wale wanaolalamikiwa. Mkurugenzi akitaka, ana uwezo wa kuagiza vitafutwe. Hahitaji kubisha hodi kwanza.

Ng'ambo ya mlima huu huu, nchini Uganda, wanashindana na swali hili limegeuzwa kichwa chini. Huko Mahakama ya Juu iliamua Januari 31, 2025 kwamba raia hawapaswi kuhukumiwa na mahakama za kijeshi, na kabla ya nusu mwaka kupita Bunge likatunga sheria ya kuwarudisha huko kwa makosa kadhaa, Rais Museveni akaitia saini. Kwao raia hupelekwa kwa askari. Kwetu askari hapelekwi kwa raia.

Haya si mambo ya kale ya kuhifadhiwa katika maktaba. Katiba yetu, katika Kifungu cha 241, inaruhusu jeshi litumwe ndani ya nchi, ama kusaidia wakati wa dharura huku Bunge likiarifiwa, ama kurejesha amani mahali penye machafuko kwa idhini ya Bunge. Angalia basi: idhini ipo kweli katika Katiba, lakini inadaiwa kwa kuwatoa wanajeshi kambini, si kwa kuwafikisha mahakamani. Sisi tumeigeuza. Februari 2023 jeshi lilipelekwa Kaskazini mwa Bonde la Ufa, Pokot Magharibi ikiwemo, ambayo tumepakana nayo. Juni 25, 2024, siku vijana walipoingia Bungeni kupinga Mswada wa Fedha, Waziri wa Ulinzi alitangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba wanajeshi watawasaidia polisi. Wabunge wakalipitisha jambo hilo siku iliyofuata. Kutoa askari ni kazi ya siku moja.

Nirudi kwa mama, kwa kuwa hasara yake si ya machozi tu. Mume wake hana cheti cha kifo. Sheria ya Ushahidi yasema kwamba mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangepaswa kumsikia huweza kuhesabiwa amekufa. Lakini kulithibitisha hilo kunataka wakili, viapo na nauli, na kisha ndipo mambo ya mirathi yaanze. Bila mirathi hana haki juu ya ekari mbili na nusu zilizoandikwa kwa jina la marehemu asiyeitwa marehemu. Mwanawe mkubwa ana miaka ishirini na sita. Analima shamba la kukodi hapa Kiminini, na la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Ugomvi ulioanza kwa ardhi ya Chebyuk unaendelea hivyo, kimya kimya, katika nyumba moja moja, kwa sababu hakuna anayekubali kuandika kwamba mtu fulani alikufa, mahali fulani, mikononi mwa fulani.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kwenye kinu, na tukaandika barua kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mimi nikiwa karani na yeye akisema. Hatukuomba idhini. Tulitaja Kifungu cha 157, tukaomba uchunguzi uagizwe, tukataja tarehe, kijiji, rangi ya lori, na majina ya wawili waliorudi, baada ya kuwauliza kwanza kama wanakubali. Mmoja alikubali. Mwingine alifikiri siku tatu, kisha naye akakubali.

Nilipofika kwenye sentensi ya mumewe niliandika, kwa mazoea, "alitoweka". Nikamsomea. Akanishika mkono.

"Hakutoweka, Mwalimu. Alichukuliwa. Andika alichukuliwa."

Nikafuta, nikaandika. Barua ilipelekwa kwa rejista kutoka posta ya Kitale, na stakabadhi anayo yeye.